Nani Mwenye Kampuni? Zabuni za Makundi Maalumu na Hesabu ya Umiliki

Septemba 1983, jiji la Richmond katika jimbo la Virginia lilitangaza zabuni ya kuleta na kufunga vyoo vya chuma kisichoshika kutu katika jela ya jiji. Miezi mitano kabla ya hapo, baraza la jiji lilikuwa limepitisha sharti kwamba kila mkandarasi anayepewa kazi ya ujenzi na jiji aigawe walau asilimia 30 ya thamani yake kwa kampuni za watu wa makundi ya wachache. Sababu ya kufanya hivyo ilionekana kwa macho. Nusu ya wakazi wa Richmond walikuwa Weusi, lakini katika miaka mitano kampuni za wachache zilikuwa zimeambulia asilimia 0.67 tu ya mikataba mikuu ya ujenzi.

Mwombaji wa kazi ile ya jela alikuwa mmoja tu, kampuni ya mabomba iitwayo J.A. Croson kutoka Ohio. Ilipopiga hesabu ikaona kwamba vyoo vyenyewe ndivyo vinavyobeba robo tatu ya gharama yote, kwa hiyo njia pekee ya kufikia asilimia 30 ilikuwa kuvinunua kupitia kampuni ya mtu wa kundi la wachache. Ikapatikana moja, Continental Metal Hose. Kwa umiliki, Continental ilitimiza sharti. Ila haikuwa na vyoo ghalani. Ilibidi nayo ivitafute kwa wauzaji wa jumla. Mmoja alikataa kuipa bei kwa kuwa alikwisha kumpa Croson. Mwingine alisema hatatoa bei mpaka achunguze kama Continental inakopesheka, na uchunguzi huo ungechukua siku 30 au zaidi. Bei ilipopatikana hatimaye, ilizidi ile ya Croson kwa dola 6,183.29. Croson ikaomba isamehewe sharti, jiji likakataa na kuamua kuitangaza kazi upya, na mambo yakaishia Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka 1989 majaji sita dhidi ya watatu waliufuta mpango wa Richmond.

Wanasheria huisoma hukumu hiyo kama kesi ya rangi, nao hawakosei. Ila kwa anayefuatilia zabuni za makundi maalumu Nairobi au Dodoma, mambo mawili yaliyo pembezoni mwa kesi yana uzito kuliko hukumu yenyewe. La kwanza ni orodha. Sheria ya Richmond ilisema kampuni inastahili ikiwa asilimia 51 yake inamilikiwa na kuendeshwa na watu wa makundi yaliyotajwa, na ndani ya makundi hayo waliingizwa Waeskimo na Waaleut wa Alaska. Jaji Sandra Day O'Connor aliuliza ni lini hasa Richmond imewahi kumbagua Mwaleut, ikiwa huenda hapajawahi kuishi hata mmoja pale. La pili ni zile siku 30 za kuchunguza kama mtu anakopesheka. Orodha ilijibu swali la nani mmiliki. Hakuna aliyeuliza mmiliki huyo atapata wapi fedha za kununulia mzigo.

Maswali hayo mawili ndiyo yanayoamua kama mpango wa aina hii utafanya kazi. Serikali na mashirika yametumia miaka mingi na wino mwingi kwenye la kwanza. La pili limeachiwa wenye mitaji ya kukopesha.

Chimbuko la mambo haya ni Marekani ya miaka ya 1960, baada ya ghasia za mijini. Richard Nixon alianzisha ofisi ya biashara za makundi ya wachache kwa amri ya mwaka 1969. Mwaka 1977 mbunge Parren Mitchell wa Baltimore alipenyeza katika sheria ya kazi za umma kifungu cha kutenga asilimia 10 kwa biashara hizo. Kampuni kubwa nazo zikaunda baraza lao la kuwathibitisha wazabuni mwaka 1972, na humo ndimo asilimia 51 ilipokita mizizi: anayemiliki, anayesimamia na anayeendesha kwa zaidi ya nusu ndiye mwenye biashara. Vyombo vilivyokuja baadaye kuthibitisha biashara za wanawake, ukiwemo mtandao wa WEConnect International unaofanya kazi Afrika pia, vilichukua kipimo hichohicho.

Nusu na kidogo juu yake ina mantiki ya kisheria, kwani mwenye nusu na ushee hushinda kura ya wanahisa. Lakini hakuna kinachoilazimisha dunia kuishika. Shirika la Fedha la Kimataifa, tawi la Benki ya Dunia linalokopesha sekta binafsi, huihesabu kampuni kuwa ya wanawake hata wakiwa na asilimia 20 tu ya hisa, mradi mtendaji mkuu au mkuu wa uendeshaji ni mwanamke na walau asilimia 30 ya wajumbe wa bodi, kama bodi ipo, ni wanawake. Tanzania nayo ilipotunga kanuni za madini za mwaka 2018 kuhusu ushiriki wa wazawa, ilitaka kampuni ya kizawa iwe na asilimia 51 ya hisa mikononi mwa Watanzania. Mwaka uliofuata ikashusha hadi 20. Migodi ilikuwa ileile na wazabuni walewale. Kiwango kinasogezwa kufuatana na kile ambacho serikali inaogopa zaidi mwaka huo: kuachwa na wageni au kuwakimbiza.

Kenya ilikwenda upande wa pili kabisa. Mpango wake, unaojulikana kwa kifupi AGPO, ulizinduliwa Oktoba 2013 ukitegemea Ibara ya 227 ya Katiba ya 2010, inayoruhusu ununuzi wa umma kuwapendelea waliobaguliwa au kukandamizwa na ushindani usio wa haki. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015 ikaupa meno: kila taasisi ya umma itenge asilimia 30 ya bajeti yake ya ununuzi kwa vijana, wanawake, watu wenye ulemavu na makundi mengine yaliyoachwa nyuma. Ili kampuni ipate cheti, asilimia 70 ya wanachama au wenye hisa wawe wa kundi husika, na uongozi wote, asilimia 100, uwe wao. Kijana ni yule ambaye Katiba inamtaja kuwa na miaka 18 na hajafikisha 35. Cheti chenyewe hakilipiwi, hutolewa na Hazina ya Taifa, na hudumu miaka miwili.

Ukilinganisha na 51 ya Wamarekani, 70 kwa 100 ni kipimo kikali. Aliyekibuni alijua ujanja wa kumpa dada asilimia 51 na kumwachia kaka ukurugenzi. Na bado, ukiangalia namna kinavyopimwa, ukali wake wote umo kwenye makaratasi. Ofisa anaangalia fomu ya CR12 inayoorodhesha wakurugenzi na wanahisa, vitambulisho, namba ya mlipakodi, na uthibitisho wa usajili kwa mwenye ulemavu. Hizo zote zinasema nani ameandikwa. Hakuna inayosema nani anaweka sahihi benki, nani anajua bei ya unga leo asubuhi Eldoret, wala lori ni la nani.

Tusogee karibu zaidi na lori hilo. Tuseme msichana wa miaka 27 ana kampuni yenye cheti halali, na shule ya bweni imempa LPO, yaani hati ya kuagiza bidhaa, ya mahindi na maharage ya shilingi 1,200,000 za Kenya. Kununua kunagharimu 1,000,000, usafiri 40,000. Karatasi inasema atabakiwa na 160,000, na kwa muhula mmoja hiyo si haba. Hana 1,040,000. Benki inataka dhamana, na mifuko ya serikali ya vijana na wanawake inayofadhili LPO ina foleni na masharti yake, ilhali shule inataka mzigo Jumatatu. Anakwenda kwa mtu mwenye fedha mjini ambaye kazi yake ni kufadhili LPO. Tuseme riba ni asilimia 5 kwa mwezi, maana yake 52,000. Shule ikilipa baada ya mwezi mmoja, binti ana 108,000. Ikilipa baada ya miezi mitatu, riba imekula 156,000 na yeye amebaki na 4,000. Mwezi wa nne ukiingia, anamdai mhasibu wa shule huku yeye mwenyewe akidaiwa, na biashara yake imeingia hasara ya 48,000 kwa kosa la kushinda zabuni.

Mwenye fedha huyo ana pendekezo jingine. Mzigo atanunua yeye, lori ni lake, na malipo yakiingia atamkatia binti 60,000. Binti atoe cheti, aweke sahihi, basi.

Nampa haki yeyote anayekubali. Elfu sitini bila hatari ni nyingi kuliko elfu nne zenye hatari, na mtu mwenye akili timamu hupima hivyo. Tukitazama kwa mbali tunaona udanganyifu: kijana aliyeazimisha jina, tajiri aliyejificha nyuma yake. Tukitazama hesabu, tunaona kwamba umiliki wa kampuni ulihama taratibu kutoka kwa mwenye hisa kwenda kwa mwenye mtaji, na kilichouhamisha ni siku za kusubiri malipo. Kila siku ambayo taasisi inachelewesha fedha, hisa za binti zinapungua thamani ingawa CR12 haijabadilika hata herufi.

Kuchelewa huko si jambo la kubuni kwa ajili ya mfano. Madeni ya wazabuni kwa serikali kuu na kaunti za Kenya yamehesabiwa kwa mamia ya mabilioni ya shilingi. Mwaka 2023 serikali iliunda kamati, chini ya aliyekuwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu Edward Ouko, kuchunguza madeni yaliyolimbikizwa toka Juni 2005 hadi Juni 2022. Miaka 17. Mtu aliyeingia biashara akiwa kijana kwa mujibu wa Katiba ana nafasi nzuri ya kulipwa akiwa amepoteza sifa hiyo, kwani ujana wa kisheria huisha siku ya kutimiza 35 na deni haliishi.

Afrika Kusini ilijaribu kulitibu tatizo la jina la kuazima kwa jinai. Sheria yake ya uwezeshaji mpana wa Weusi kiuchumi ilitungwa 2003, na marekebisho ya 2013 yakaifanya hila ya kuweka mtu mbele kuwa kosa linaloweza kumpeleka mhusika gerezani hadi miaka 10, na kampuni kutozwa hadi asilimia 10 ya mapato yake ya mwaka. Hapohapo mfumo ukalegeza mlango wa chini: biashara ndogo yenye mauzo yasiyozidi randi milioni 10 kwa mwaka haihitaji ukaguzi, inaapa tu kwa hati ya kiapo kuwa ni ya nani. Naona mantiki ya kutomtwisha muuza vitumbua gharama za mkaguzi. Ila tokeo lake ni kwamba adhabu kali ipo, na mahali ambapo majina huazimwa kwa wingi ndipo pasipokaguliwa.

Orodha nayo iliwasumbua. Sheria ile inasema mtu Mweusi ni Mwafrika, chotara au Mhindi aliye raia kwa kuzaliwa au nasaba, au aliyepata uraia kabla ya uchaguzi wa Aprili 1994. Waafrika Kusini wenye asili ya China, waliobaguliwa na utawala wa makaburu lakini wakasahauliwa na sheria mpya, walilazimika kwenda mahakamani, na Juni 2008 Mahakama Kuu ya Pretoria ikaamuru nao waingizwe. Anayeona kioja katika hukumu kwamba Mchina ni Mweusi aiangalie tena sheria yenyewe: tarehe ile ya 1994 inaonyesha kwamba kinachopimwa ni kama ulikuwapo ukidhulumiwa. Msomali au Mkongo aliyehamia Johannesburg mwaka 2001 hana nafasi humo hata ngozi yake iwe nyeusi kiasi gani. Kwa hilo, Waafrika Kusini wameweka wazi zaidi kuliko wengine kile wanachokifidia.

Sisi huku hatujaweka wazi hivyo. Kenya inawataja vijana, wanawake na wenye ulemavu. Tanzania, kwa Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 na kanuni zilizoifuata, inaongeza wazee, na asilimia ya kutengwa ni ileile 30. Mzee wa Moshi ana haki ambayo mzee wa Taveta, upande wa pili wa mpaka, hana. Wala hakuna nchi kati ya hizo mbili inayomuuliza mwombaji kama yeye binafsi ni maskini. Binti wa tajiri mkubwa wa Nairobi, akiwa na miaka 30, anastahili cheti sawasawa na yule wa shule ya bweni. Wamarekani walilifikiria hilo: katika mpango wao wa shirikisho unaoitwa 8(a), mali halisi ya mwenye kampuni isizidi dola 850,000, na kampuni hukaa humo miaka tisa tu kisha inatolewa. Ni kiwango cha ukarimu kwa macho yetu, ila kipo. Kwetu dari pekee ni umri, tena kwa vijana peke yao.

Mpango huo wa 8(a) wenyewe sasa una hali mbaya. Julai 2023 mahakama ya shirikisho huko Tennessee ilizuia serikali kumchukulia mtu kuwa ameonewa kwa sababu tu ya rangi au asili yake, na baada ya hapo waombaji wakatakiwa kuandika maelezo ya yaliyowapata. Januari 2025 Donald Trump alitoa amri za kuvunja mipango ya aina hii serikalini, na kampuni nyingi kubwa zikaanza kubadilisha majina ya idara zao za wazabuni. Kwa mzalishaji wa Arusha au Machakos aliyekuwa akijaza fomu za WEConnect akitarajia kuuzia kampuni kubwa ya Marekani, upepo huo unamhusu moja kwa moja.

Hata hivyo kuna jambo moja Wamarekani walilitengeneza vizuri, nami ningelichukua bila haya. Katika miradi ya barabara na viwanja vya ndege inayopata fedha za shirikisho, kanuni zao hazikuishia kuuliza kampuni ni ya nani. Ziliuliza imefanya nini. Mkandarasi akinunua nondo kwa kampuni ya kundi husika inayozitengeneza yenyewe, thamani yote ilihesabiwa kwenye lengo. Akinunua kwa mwenye duka na ghala linaloendeshwa kila siku, ilihesabiwa asilimia 60. Akinunua kwa dalali anayepitisha karatasi tu, kilichohesabiwa ni ada ya dalali. Kwa kipimo hicho, kazi ya binti wa mfano wetu pale alipokubali kuazimisha cheti ingehesabiwa shilingi 60,000, na taasisi isingeweza kuandika 1,200,000 kwenye ripoti na kujipongeza.

Hapo ndipo takwimu zetu zinapopwaya. Taasisi za Kenya zinatakiwa kuripoti kila miezi sita zimetoa zabuni ngapi kwa makundi maalumu na za thamani gani. Kinachohesabiwa ni zabuni iliyotolewa. Taasisi yaweza kutoa asilimia 30 barabara, isilipe hata senti kwa mwaka mzima, na bado ripoti yake ikasomeka vizuri kuliko ya jirani aliyetoa asilimia 15 na kulipa ndani ya siku 30.

Tanzania imechukua njia ambayo kwa upande mmoja inakaribia zaidi kulijibu swali la mtaji. Badala ya kutegemea kampuni peke yake, inavitambua vikundi vinavyosajiliwa kupitia halmashauri, ambako ofisa maendeleo ya jamii anawajua wanakikundi kwa sura. Halmashauri hizohizo zinabanwa na sheria kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kuvikopesha vikundi bila riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kinadharia, mkopo na zabuni vinakutana katika ofisi moja. Kikundi cha akina mama washonaji kingekopa kitambaa kwa fedha za halmashauri, kikashona sare kwa zabuni ya halmashauri, na deni likakatwa humohumo bila tajiri wa katikati. Kivitendo mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 baada ya fedha nyingi kupotelea kwenye vikundi hewa, ikarejeshwa mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Zabuni na mikopo vinaendeshwa kama shughuli mbili zisizojuana. Mfumo wa ununuzi wa kielektroniki, NeST, ulioanza Julai 2023, umesogeza uwazi kwenye utangazaji na ushindani. Hatua ya malipo ndiyo mwananchi haoni.

Dhamana ya zabuni ni ushahidi kwamba tukitaka tunaweza kulifikiria swali la fedha. Kenya ilikubali kwamba kumdai kijana dhamana ya benki ili aombe tu kazi ni kumfungia mlango, ikaruhusu makundi maalumu yajaze fomu ya tamko badala yake. Fomu ya ukurasa mmoja iliondoa gharama ambayo ingewatoa maelfu mbioni kabla ya kuanza. Jitihada ya namna hiyo haijapelekwa upande wa pili wa mkataba, mzigo ukishapokelewa. Marekani ina sheria tangu 1982 inayoilazimisha serikali ya shirikisho kulipa, kwa kawaida, ndani ya siku 30, la sivyo riba inaanza kuhesabika dhidi yake yenyewe. Kama kwetu nako riba ingehamia kwa mchelewaji, ile 52,000 kwa mwezi ingekuwa ya shule, na mhasibu wa shule angejua kuifungua faili haraka.

Hadi hapo, kuongeza ukali wa cheti ni kujisumbua. Pandisha 70 iwe 90, taka wosia na cheti cha ndoa, tuma wakaguzi majumbani: mwenye mtaji atamwandaa mtu anayetimiza yote hayo, kwa sababu anao muda na binti hana. Kinachohitajika kwenye ripoti ya kila miezi sita ni safu mbili zaidi, ya tarehe mzigo ulipopokelewa na ya tarehe fedha zilipoingia benki, na jina la akaunti zilikoingia. Kwa Kenya hilo halihitaji hata kuunda chombo kipya. Hazina ya Taifa ndiyo inayotoa cheti cha AGPO, na ni Hazina hiyohiyo inayoachilia fedha za wizara na kaunti zinazodaiwa na wenye vyeti hivyo.